Dirisha Namba Nne

Agizo limefika Newala saa mbili na robo
kwa simu ya mganga mfawidhi: picha ya karatasi
iliyopigwa kiupandeupande, kidole gumba kimefunika tarehe.
Nje ukungu haujaamua kuondoka.
Ndani foleni imeshafika chooni.

Nimelisoma mara tatu.
Halisemi sheria ya matibabu imekufa.
Linasema mawaziri wote, kila mmoja kwa nafasi yake,
"kwa kadiri sheria inavyoruhusu,"
wachelewe, walegeze, wasamehe, waahirishe
kila kifungu chake chenye kumtwika mtu mzigo.
Mzigo. Neno limerudiwa mara nne.
Nikaitazama foleni, nimtafute aliyetwikwa:
Bi Salima Nanguka kambeba mjukuu mgongoni,
kichwa kinaning'inia
kama korosho chini ya bibo lake.

Mwaka ule sheria ilipopita
tulipigwa picha kwenye ukumbi wa ushirika.
Kaya ya watu sita, kadi moja ya kijani.
Waliozidi sita waligombana kwao, kimyakimya.
Makato yakapita ghalani, hela hatujaigusa,
watu wakalalamika, nami nikalalamika,
mpaka Shazili Nambunga alipoanguka shambani
pampu ya salfa bado inanguruma mgongoni,
kifua kimejaa unga wa njano.
Siku kumi na moja akalala Ndanda.
Akarudi akaikuta mikorosho yake arobaini
ingali yake.

Hilo ndilo lililotunyamazisha.
Maana zamani homa ilikuwa na bei,
na bei yake kangomba:
maua hayajashika, bakuli limeshaletwa,
mnunuzi kakaa kwenye mkeka wa mgonjwa
anahesabu mavuno ya mwakani.

Mnunuzi yule hajafa. Leo namwona,
kaegesha pikipiki mbele ya duka la dawa,
anaulizia habari kwa sauti ya msibani.

Osmunda wa maabara ananiuliza: tufunge?
Mganga mfawidhi anasema tungoje waraka.
Waraka utoke kwa waziri, ushukie mkoani,
upande wilayani, ndipo uje hapa,
na kila kituo utanywa chai.
Sijapata kuzishukuru chai za ofisini
kama nilivyozishukuru asubuhi hii.

"Mara moja," agizo limesema.
Halikusema saa ngapi.
Mimi karani, shahada sina. Nina muhuri,
nina kalamu iliyofungwa uzi isiibwe.
Nikasema: wenye kadi ya kijani, mbele.

"Mwanangu Fidea," akasema Bi Salima,
"redioni wametangaza kadi zimekuwa makaratasi."
Zilikuwa makaratasi tangu mwanzo, mama.
Karatasi haimponyi mtu.
Inamlazimisha tu mwenye ufunguo
afungue kabati.

Hakucheka. Akamshusha mtoto, akampangusa kamasi
kwa ncha ya kanga, akaniwekea kadi mezani
taratibu, kama mtu anayelipa deni
asilokumbuka alilikopa lini.
Sita kwenye picha. Wawili wamekwishazikwa.
Mtoto huyu ndiye wa mwisho, jina lake
liliandikwa kwa wino mwingine.

Mtu aliyeketi mbali na hapa, kwenye meza pana,
kanyanyua kalamu isiyofungwa uzi.
Simjui, hanijui. Pengine naye ana mjukuu.
Pengine aliona tarakimu, na tarakimu
hazikohoi.

Nikagonga muhuri. Nikagonga tena.
Kufikia saa tano ukungu ulikuwa umeondoka,
mlima mzima uko wazi, na mimi
nimebakiwa na watu thelathini na wawili.

Gurudumu la tarehe kwenye muhuri wangu
limekwama tangu juzi.
Fundi nimemwambia asije leo.